Mikunde Inayokunja Majani: Kutafuta Chanzo cha Batobato Inayoenezwa na Vidukari

Mkunde unapoanza kukunja majani, swali la kwanza linaloulizwa madukani ni dawa gani ipulizwe. Katika batobato, maradhi ya virusi yanayoenezwa na vidukari, yaani wadudu wadogo wanaofyonza majimaji ya mmea, swali hilo huja mapema mno, kwa sababu jibu lake linategemea mambo mawili ambayo muuza dawa hawezi kuyaona akiwa dukani: mashina yaliyougua yamekaa vipi kondeni, na yalianza kuonesha dalili yakiwa na umri gani. Jani lililochumwa na kutiwa mfukoni linaweza kuonesha kwamba kuna maradhi, lakini haliwezi kueleza yaliingia kwa njia gani, na njia ya kuingia ndiyo inayoamua kama kuna la kufanya msimu huu au ni la kusubiri mbegu ya msimu ujao.

Kwa hiyo kazi ianze kwa kutembea. Konde lizungukwe pembezoni kwanza, kisha lipitwe katikati kwa mistari kadhaa, na kila shina lenye dalili lichomekewe kijiti. Baada ya hapo mtu asimame pahali palipoinuka na atazame vijiti vimekaaje: vimetawanyika ovyo konde zima, vimejikusanya upande mmoja, au vimefanya mafungu mafungu ya duara. Maelezo yanayofuata yanarejea mara kwa mara kwenye picha hiyo. Yanahusu zaidi kunde, ambayo ndiyo inayoathirika sana katika visiwa vyetu vya Zanzibar, lakini mengi yanaihusu choroko pia, ambayo tunaiita chooko, na mwishoni njugu nyasa zina maelezo yao peke yao kwa kuwa maradhi yao yana tabia tofauti.

Majani yana rangi mbili, lakini si hakika kwamba ni batobato

Batobato ya kunde hutambulika kwa mabaka ya kijani kilichokoza na kijani kilichopauka yasiyo na mpangilio katika jani moja. Mara nyingi kijani kilichokoza hufuata mishipa mikubwa ya jani, huku nafasi za kati zikipauka. Jani hujaa vinundu kama ngozi iliyobabuka, hujipinda upande mmoja, na huwa dogo kuliko umri wake. Shina lililougua mapema hudumaa, hutoa vijitawi vingi vifupi, huchelewa kutoa maua, na maganda yake huwa machache, yamepinda na yana punje zilizosinyaa. Wanaoijua batobato ya muhogo wataona mfanano, lakini hayo ni maradhi mengine kabisa yenye virusi vingine, na huenezwa na nzi weupe. Muhogo mgonjwa ulio kando ya konde hauambukizi kunde.

Virusi vinavyosababisha haya ni zaidi ya kimoja. Kilichoenea zaidi katika kunde za Afrika ni kile kinachobeba jina la batobato ya kunde ya vidukari, na pamoja nacho hupatikana virusi vya batobato ya tango, ambavyo hushambulia mimea ya aina nyingi sana. Kwa macho havitofautiki kwa uhakika, na mara nyingine shina moja hubeba vyote viwili na kuharibika vibaya zaidi. Kwa mkulima tofauti hiyo haina uzito mkubwa, kwa kuwa vyote huenda na mbegu, vyote huruka na vidukari kwa namna ileile, na vyote havina tiba.

Kinachochanganya watu zaidi hapa Zanzibar ni ukosefu wa madini ya chuma katika ardhi ya maweni. Kuanzia Makunduchi mpaka Jambiani, na kwa upande wa Pemba katika sehemu kubwa ya Micheweni, kunde hupandwa kwenye udongo mchache uliokaa baina ya mawe ya matumbawe. Mawe hayo ni chokaa, na chokaa nyingi huyafunga madini ya chuma udongoni hata mzizi usiweze kuyachukua ingawa yapo. Jani jipya hugeuka manjano, na mishipa hubaki ya kijani. Aliyesikia kwamba batobato ni jani la rangi mbili husema moja kwa moja kuwa amepata batobato. Tofauti zipo tatu, na kila moja inaonekana bila chombo chochote. Kwanza, katika ukosefu wa chuma mishipa ya kijani huchora wavu safi, mwembamba, unaofanana pande zote mbili za jani, wakati mabaka ya batobato hayana ulinganifu. Pili, jani lililokosa chuma halijipindi wala halina vinundu. Tatu, na hii ndiyo ninayoiamini zaidi, ukosefu wa chuma hufuata ardhi: mimea yote iliyo kwenye kiwara kile chenye mawe hupauka pamoja, na hata mazao mengine ya jirani yake huonesha dalili. Virusi huchagua shina moja na kuliacha la pili yake, kiasi kwamba mashina mawili yaliyomo katika shimo moja yanaweza kuwa moja gonjwa na moja zima. Vijiti vikionesha kwamba wagonjwa wote wamesimama juu ya mwamba, tatizo ni la ardhi, na samadi iliyooza vizuri itasaidia kuliko dawa yoyote ya wadudu.

Mengine yanayofanana na batobato hayahitaji maneno mengi. Utitiri mwekundu, ambao hushamiri wakati wa kiangazi, huacha vitone vidogo sana vyeupe na utando mwembamba chini ya jani. Bomba lililotumika kwenye mpunga au mahindi kwa dawa ya magugu ya aina ya 2,4-D na halikuoshwa sawasawa husababisha majani membamba, yaliyovutika kama kamba, na dalili hutokea siku moja kwa safu zote zilizopitwa na bomba hilo. Kudumaa na kupauka bila mabaka kunaweza kuwa ni minyoo ya mizizi. Shina ling'olewe na mizizi itazamwe. Vinundu vya kawaida vya kunde, vinavyotengeneza naitrojeni, hubanduka kwa ukucha na ndani yake ni vyekundu au vya waridi vikiwa hai, lakini uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba na haubanduki.

Vidukari nao, hata wakiwa hawana virusi, huweza kukunja majani kwa kufyonza tu. Kidukari wa kunde ni mweusi anayeng'aa akiwa mkubwa, na watoto wake wana rangi ya kijivu kama waliopakwa unga. Hujazana kwenye ncha changa, vikonyo vya maua na maganda mabichi, hutoa majimaji matamu yanayonata, na juu ya majimaji hayo huota ukungu mweusi kama masizi huku sisimizi wakipanda na kushuka. Ili kujua kama ni kufyonzwa au ni virusi, mashina machache yaoshwe kwa maji yenye sabuni kidogo hadi vidukari watoke, kisha yasubiriwe kwa muda wa siku 10 hivi. Jani jipya likitoka safi, ilikuwa ni kufyonzwa. Likitoka na mabaka, virusi vimo ndani ya shina na havitatoka tena.

Dalili zimeonekana mapema, na wagonjwa wametawanyika konde zima

Hii ni picha ya mbegu. Mkunde hutoa kwanza majani mawili yaliyo peke yake, yakikabiliana, kisha ndipo yanafuata majani ya utatu. Iwapo mabaka yanaonekana kwenye majani hayo ya mwanzo au kwenye majani ya utatu ya kwanza kabisa, katika wiki ya pili au ya tatu baada ya kuota, na wagonjwa hawana mpangilio wowote, basi maradhi yaliingia kondeni ndani ya punje. Shina lililoambukizwa na kidukari huhitaji muda wa wiki moja hadi mbili baada ya kuambukizwa ndipo lioneshe dalili, kwa hiyo si rahisi wadudu wawe wametangulia kiasi hicho.

Wakulima wengi hukadiria vibaya uzito wa mbegu chache mbovu. Eka moja ina mita za mraba 4,000 na kidogo. Kunde zikipandwa kwa nafasi ya sentimita 60 baina ya mistari na 20 baina ya mashina, eka hiyo hubeba mashina kiasi cha 33,000. Ikiwa mbegu mbili tu katika kila mia zimebeba virusi, kuna mashina zaidi ya 600 yaliyozaliwa magonjwa, yamegawanywa sawasawa kila kona, na kila moja ni chanzo kinachomsubiri kidukari wa kwanza kutua. Hakuna jirani mbaya wala upepo unaoweza kusambaza maradhi vizuri kuliko hivyo.

Njia iliyopo ni kung'oa, na wakati wake ni mfupi. Mashina yenye dalili yang'olewe kila wiki tangu wiki ya pili hadi ya nne, yaani kabla vidukari hawajazaana na kabla mashina hayajagusana. Yasitupwe kwenye ushoroba, kwa kuwa shina linaponyauka vidukari waliomo hulihama na kutafuta jingine, wakiwa tayari wameshabeba virusi. Yatiwe ndani ya gunia papo hapo, yatolewe kondeni, na wapewe mbuzi au ng'ombe kama hayajapulizwa dawa. Iwapo ukaguzi wa kwanza unaonesha kwamba robo ya konde imeshaugua, kwa maoni yangu kung'oa hakuna maana tena: mtu atabaki na mapengo na maradhi pia.

Wagonjwa wameanzia upande mmoja

Hapo chanzo kiko nje, na kinapaswa kutafutwa upande unakotoka upepo. Kidukari mwenye mabawa si mrukaji hodari, huenda anakopelekwa. Msimu wa masika na kipupwe, wakati kusi linavuma, konde lililo kusini ndilo linaloambukiza lililo kaskazini yake. Mwishoni mwa vuli, kaskazi linaposhika, mambo hugeuka. Chanzo cha kawaida ni konde la kunde lililopandwa wiki nne au sita kabla, ambalo sasa linakauka na kuwalazimisha vidukari watoke. Kidukari huzaa watoto hai bila kupandana, na katika joto letu mtoto huwa mzazi ndani ya wiki moja au zaidi kidogo; wakishabanana, au mmea ukianza kukauka, huzaliwa kizazi chenye mabawa. Kwa hiyo kupanda kwa kupishana ndani ya shehia moja, huyu leo na yule mwezi ujao, ni kuyatengenezea maradhi ngazi ya kupandia. Wanaolima karibu wakipatana wapande ndani ya wiki moja au mbili, hawahitaji kununua chochote.

Pembezoni mwa konde patazamwe pia maotea ya kunde ya msimu uliopita, mimea pori ya jamii ya kunde, na miti ya gilirisidia iliyopandwa kwa ajili ya uzio au kwa kupandishia pilipili manga na vanila. Gilirisidia ni makazi mazuri ya kidukari mweusi wa kunde, hasa inapochipua baada ya kukatwa. Sisemi ikatwe, maana faida zake ni nyingi. Ila isifyekwe katika wiki zilezile ambazo kunde zilizo chini yake zinaota. Ni vyema pia kujua kwamba kirusi kikuu cha batobato ya kunde hushambulia mpasheni, na huko Brazil ndicho kinachofanya matunda yake yawe magumu na madogo, kwa hiyo chaga ya pasheni iliyojikunja majani isiwe jirani wa kunde.

Mashina yanaugua, lakini vidukari hawaonekani

Watu wengi hukataa kuamini maelezo ya vidukari kwa sababu hii, na wana haki ya kushangaa. Jibu limo katika namna kidukari anavyouonja mmea. Anapotua huchoma ngozi ya jani kwa mrija wake kwa sekunde chache ili ajue kama mmea huo ni chakula chake. Sekunde hizo zinatosha kuvichukua virusi kwenye ncha ya mrija, na sekunde nyingine chache kwenye shina la pili zinatosha kuviacha. Havihitaji kuingia tumboni mwake wala kuzaliana ndani yake, na baada ya kuchoma mara kadhaa, au baada ya saa chache, huwa vimekwisha.

Matokeo yake ni kwamba anayeeneza maradhi zaidi huenda asiwe yule anayeonekana amejazana kwenye maganda. Vidukari wa tango, wa tikiti au wa mimea mingine hutua kwenye kunde, huonja, huona si chakula chao, huonja shina la pili na la tatu, kisha huondoka zao. Hawaachi watoto, wala masizi, wala sisimizi. Anayekagua baada ya wiki mbili hukuta mabaka tu.

Dawa imepulizwa, na maradhi yamezidi

Aliyefuata maelezo ya juu ameshaona sababu. Dawa nyingi huchukua dakika kadhaa hadi saa kadhaa kumwua kidukari, na kuambukiza kunachukua sekunde. Zipo dawa zinazomsumbua kwanza kabla ya kumwua, naye huhangaika kutoka shina hadi shina akichoma kila anapotua, hivyo siku ya kupuliza inaweza kuwa siku ya maambukizi mengi kuliko zote. Zaidi ya hayo, dawa huua mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi pamoja na mabuu yao, ambao hula vidukari kwa wingi, na vidukari hurudi haraka kuliko maadui wao. Na kuna jambo la afya ambalo halipaswi kupuuzwa: majani ya kunde ni mboga, na anayechuma mboga jioni huenda hajui kilichopulizwa asubuhi.

Dawa ina nafasi yake pale ambapo vidukari wenyewe, kwa wingi wao, wanakausha ncha na maua. Maji ya sabuni au mafuta ya mwarobaini yaliyopulizwa chini ya majani wakati jua limepoa hutosha kwa konde dogo. Mvua kubwa za masika nazo huwaangusha kwa maelfu. Hatari hupanda mvua zinapokatika kwa wiki mbili hivi huku miche ikiwa bado midogo.

Kinachozuia uenezaji ni kumfanya kidukari aoshe mrija wake pahali pengine. Mistari miwili au mitatu ya mtama au mahindi kuzunguka konde, iliyopandwa wiki mbili hivi kabla ya kunde, humpokea anayeingia. Huonja huko mara chache, na anapofika kwenye kunde virusi vimeshamtoka. Kwa sababu hiyohiyo, kuchanganya kunde na mahindi au muhogo, jambo ambalo wazee wetu walilifanya na baadaye wengi wakaambiwa waliache ili mistari ipendeze, hupunguza batobato. Kutandaza majani makavu juu ya udongo nako husaidia, kwa kuwa kidukari anayeruka huvutiwa na kijani kinachojitokeza juu ya ardhi tupu.

Njugu nyasa zimedumaa kama mafungu ya majani

Maradhi haya, yanayoitwa rosette kwa Kiingereza na yaliyoandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1907 kutoka nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, huenezwa na kidukari yuleyule mweusi, lakini yanahitaji njia nyingine ya kufikiri. Shina hufupika, majani hujibana pamoja, mara yakiwa ya manjano, mara ya kijani kilichokoza sana. Hayaendi na mbegu, kwa hiyo kubadilisha mbegu hakusaidii. Kidukari hulazimika kufyonza kwa saa kadhaa ili ayachukue, na akishayachukua hubaki nayo maisha yake yote. Hapa kupuliza mapema kunaweza kuleta manufaa ambayo hakuleti kwenye kunde. Lililo bora ni kung'oa maotea ya msimu uliopita, kupanda mvua zinapoanza, na kupanda karibu karibu ili majani yafunike udongo upesi, maana kidukari huyu hupenda kutua kwenye konde lenye mapengo.

Maradhi yameingia wakati wa maua

Konde lising'olewe. Shina linaloambukizwa likiwa limeshatoa maua hupoteza mazao kidogo, na aghalabu halipitishi virusi kwenye punje kwa kiasi kikubwa kama lile lililougua changa. Livunwe kama kawaida. Mbegu itafutwe kwingine, au ichaguliwe kwa namna ifuatayo.

Mbegu huchaguliwa shina likiwa bado kijani. Kunde zikishapigwa na kupetwa, hakuna jicho linaloweza kuitambua punje yenye virusi. Kuchagua punje nono kunasaidia kidogo tu. Virusi vimekaa ndani ya kiini cha punje, kwa hiyo kuanika juani, kuchanganya na jivu au kupaka dawa ya fukusi hakuvigusi, ingawa mambo hayo yana faida zake kwa fukusi. Wakati wa maua, mashina yasiyo na baka hata moja, yaliyo mbali na wagonjwa, yafungwe utepe wa kitambaa, na maganda yake yavunwe peke yake.

Mwezi mmoja kabla ya kupanda, punje 200 za mbegu hiyo zioteshwe kwenye vifuko vya udongo uani na zifunikwe kwa kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga. Chandarua cha mbu hakifai, kwa kuwa matundu yake ni makubwa na kidukari hupenya. Baada ya wiki tatu miche yenye mabaka ihesabiwe. Usipoonekana hata mmoja, mbegu inafaa. Ikionekana miwili au mitatu, mbegu hiyo inaweza kupandwa na mwenye nafasi ya kukagua na kung'oa kila wiki. Ikizidi hapo, ni afadhali kumwona bwana shamba wa shehia au kuuliza katika Taasisi ya Utafiti wa Kilimo iliyopo Kizimbani juu ya mbegu nyingine, na aina ngeni ijaribiwe kwa mistari michache kwanza. Kunde zilizokataliwa kwa mbegu hupikwa bila wasiwasi, kwa kuwa virusi hivi havimdhuru mtu wala mnyama. Zisizoliwa ni zile tu zilizokwisha kupakwa dawa ya fukusi isiyoruhusiwa kwenye chakula.